Mundu, ripa au kombaini: kuchagua njia ya kuvuna mpunga kwenye mabonde ya Lindi na Mtwara

Mpunga wa mabonde ya Kusini hukomaa karibu wakati mmoja. Kati ya Mei na Julai, kuanzia Kitere hadi Narunyu, kando ya Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu, na kule Ngongowele wilayani Liwale, kila mwenye jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo) anatafuta watu wa kuvuna. Miezi hiyo ndiyo ya ufuta pia, na ufuta haumsubiri mtu: ganda likikauka linapasuka na mbegu zinamwagika chini. Vibarua walewale wanaitwa sehemu mbili katika wiki ileile. Ndiyo maana kombaini ikishushwa bondeni watu hukimbilia kujiandikisha kabla hata ya kuiona ikifanya kazi.

Ushauri wetu ni kwamba uione kwanza. Watu wengi husimama mbele ya mashine, wanatazama inavyomeza mpunga. Mbele utajua kasi yake tu. Hasara yako inaanguka nyuma, pamoja na mabua.

Njia tatu tunazolinganisha ni hizi. Ya kwanza ni mundu, kisha kupiga miganda kwenye turubai au pipa na kupepeta kwa ungo. Ya pili ni ripa, mashine ndogo ya kusukuma kwa kutembea nyuma yake, yenye visu vya upana wa mita 1.2 hivi, inayokata na kuulaza mpunga upande mmoja kwa mstari. Mpunga huo hukusanywa na kupitishwa kwenye mashine ya kupura. Ya tatu ni kombaini ndogo ya minyororo ya mpira, inayokata, kupura na kupepeta kwa mwendo mmoja. Kombaini kubwa ya matairi tunaiacha nje. Hiyo ni mashine ya mashamba mapana ya nchi kavu, kama ya ngano kule Basotu, Hanang. Ukiiingiza kwenye mfinyanzi mweusi wa bondeni itazama, na hata isipozama itavunja kingo za majaruba ambazo umetumia siku kadhaa kuzijenga.

| | Mundu na kupiga | Ripa na mashine ya kupura | Kombaini ya minyororo |
|---|---|---|---|
| Kukata ekari 1 | saa 16 hadi 32 za mtu mmoja | saa 2 hivi, bado kukusanya | saa 1 hadi 3 |
| Mpunga uliolala | unavunika | visu vinaruka masuke | unavunika polepole, kwa upande mmoja |
| Jaruba lenye maji | linawezekana | taabu | hapana |
| Mpunga unaopata | wa miganda, umeanza kukauka | wa miganda, umeanza kukauka | mbichi, uko ndani ya magunia tayari |
| Mabua | mazima | mazima | yamesagika na kutawanyika |

Saa za mundu ni za kukata peke yake. Kubeba, kupiga na kupepeta ni kazi nyingine, na mara nyingi ndiyo inayochosha na kuchelewesha zaidi.

Saa za mashine usizichukue kwa maneno ya mwenye mashine, zikokotoe. Zidisha upana wa kukata kwa mwendo, kisha toa muda unaopotea kwenye kona, kushusha magunia na kuvuka kingo. Kombaini ya mita 2 (Kubota DC-70 iko kwenye kundi hili, na baadhi ya zile za kampuni ya World pia) ikienda kilomita 3 kwa saa inafagia mita za mraba 6,000. Kwenye majaruba ya kawaida ya huku, hesabu kwamba asilimia 60 tu ya muda ndiyo inakata kweli. Zinabaki mita za mraba 3,600, yaani karibu ekari 0.9 kwa saa. Kombaini ndogo zaidi ya mita 1.2 ikienda kilomita 2 kwa saa, kwa kupoteza muda zaidi kidogo, inapata theluthi moja ya ekari. Majaruba yakiwa madogo sana na yenye kona nyingi, mashine kubwa inapoteza faida ya upana wake kwa kugeuka geuka.

Kabla ya mashine, tazama jaruba na mpunga

Kombaini inataka ardhi iliyoshika. Kwa mundu, kutoa maji siku 7 hadi 10 kabla ya kuvuna kunatosha. Kwa kombaini, kwenye mfinyanzi, anza wiki mbili kabla. Kipimo kisicho na gharama ni mguu wako: simama kwa mguu mmoja katikati ya jaruba, sehemu ya chini kabisa. Mtu mzima akisimama hivyo hukandamiza ardhi kuliko minyororo mipana ya kombaini ndogo inavyoikandamiza. Kisigino kikizama sentimita chache tu, mashine itapita. Ukizama hadi kifundo, itapita ikienda moja kwa moja lakini itachimba inapogeuka, kwa sababu mnyororo wa upande mmoja husimama na kusaga udongo. Mashimo hayo utayakuta msimu ujao, maji yakituama pale na kupungua kwingine.

Aina ya mpunga inaamua mengi. SARO 5, ile TXD 306 iliyotoka kituo cha utafiti cha KATRIN Ifakara, ni fupi na husimama vizuri, kombaini inaipenda. Supa ni mrefu, ukipata mbolea nyingi na upepo wa mwishoni mwa mvua unalala. Mpunga mrefu unaingiza mabua mengi kwenye dramu (pipa la kupura linalozunguka ndani ya mashine) kwa kila kilo ya nafaka, kwa hiyo mashine lazima ipunguze mwendo. Ikiwa shamba lako ni la Supa na zaidi ya nusu umelala, kombaini tunaiona kuwa chaguo la mwisho. Opereta mzuri atauvuna kwa kuingia kinyume na upande ulikolalia, akishusha kichwa cha kukatia na kupeleka vidole vya kunyanyua mbele na chini. Atakata kwa upande huo tu na kurudi bure. Muda unakuwa mara mbili, na wenye mashine wengi hudai bei ya juu kwa kazi hiyo.

Wakati wa kuvuna ni uleule kwa njia zote tatu, lakini kosa la kuchelewa linaumiza zaidi kwenye mashine. Vuna masuke yakiwa na punje 80 hadi 85 katika kila 100 zilizogeuka rangi ya majani makavu, unyevu ukiwa kati ya asilimia 20 na 25. Hiyo huwa siku 28 hadi 35 baada ya kuchanua. Mpunga ulioachwa ukakauka sana shambani, kisha ukalowa umande kila usiku, hupata nyufa ndani ya punje. Hazionekani mpaka kinuni: mchele unatoka chenga. Na mpunga mkavu mno ukiguswa na vidole vya kombaini unapukutika kabla ya kufika kwenye visu.

Simama nyuma ya kombaini

Sehemu hii ndiyo tungependa isomwe na kila anayetaka kulipa. Omba mashine ikate mita 30 au 40 kwenye shamba la mtu wa kwanza, ninyi wengine mkiwa pembeni. Chukua kamba na vijiti vinne. Kwa kombaini ya mita 2, tengeneza mstatili wa mita 2 kwa nusu mita, ambao ni mita ya mraba moja, na uulaze kukingama njia ya mashine. Kukingama ni lazima, kwa sababu mabua hudondokea katikati na punje nyingi huwa pale. Ukipima katikati tu utaona hasara kubwa kuliko ilivyo, ukipima pembeni tu utadanganyika.

Nyanyua mabua taratibu, yakung'ute juu ya turubai dogo, kisha hesabu punje nzima zilizo chini na zile zilizobaki kwenye masuke. Pepe (punje tupu) usizihesabu. Halafu pima pia mita ya mraba moja kwenye mpunga ambao haujakatwa, uhesabu punje zilizokwisha kudondoka zenyewe, na uzitoe kwenye jumla. Hizo mashine haina kosa nazo.

Hesabu ni nyepesi. Punje 1,000 za mpunga huwa na uzito wa gramu 25 hivi. Kwa hiyo punje 100 kwa mita ya mraba ni gramu 2.5, na kwa ekari yenye mita za mraba 4,047 ni kilo 10. Shamba likitoa kilo 1,600 kwa ekari, hasara ya asilimia 3 ni kilo 48, sawa na punje 480 kwa mita ya mraba. Hapo ndipo tunapoweka mpaka. Ikifika 800 umepoteza kilo 80, takriban gunia zima, na bado utalipa bei ileile ya ekari.

Ukipata punje nyingi, usigombane na opereta. Tafuta zimetoka wapi. Mwambie asimame, arudi nyuma urefu wa mashine. Pale kati ya mpunga uliosimama na mahali mabua yalipoanza kudondoka, ardhi imepitiwa na kichwa cha kukatia tu. Punje zikiwa nyingi pale, shida iko mbele: gurudumu la vidole linazunguka haraka mno na kupiga masuke. Linatakiwa kwenda kasi kidogo tu kuliko mwendo wa mashine, na vidole viguse mpunga chini kidogo ya masuke. Au visu ni butu; tazama mashina yaliyobaki, yakiwa yamechanika na mengine yameng'olewa na mizizi, visu vinahitaji kunolewa au kubadilishwa.

Punje zikiwa chache mbele na nyingi nyuma, angalia ni za aina gani. Zikiwa bado zimeshika kwenye masuke, dramu haijapura: inazunguka taratibu, au wavu wa chini yake uko mbali, au mpunga umelowa umande. Zikiwa huru, zimechanganyika na makapi, feni inapuliza kupita kiasi au chekeche zimeziba. Magugu mabichi ndiyo huziba chekeche zaidi ya kitu chochote, na jaruba lisilopaliliwa litalipa kwa njia hii. Sababu nyingine, ya kawaida kuliko zote, ni mwendo. Opereta anayelipwa kwa ekari ana haraka. Mwambie apunguze gia moja na mpime tena. Mara nyingi punje zinapungua bila kugusa spana.

Kisha nenda kwenye gunia. Chota konzi tatu kutoka magunia tofauti. Ukiona punje zilizovunjika au zilizovuliwa ganda mchele ukiwa nje, dramu inapiga kwa nguvu mno. Ukiona vipande vya mabua na makapi mengi, feni ni dhaifu au chekeche zimefunguliwa sana. Marekebisho haya hupingana: ukipunguza feni hasara nyuma inapungua na uchafu kwenye gunia unaongezeka. Mpunga wenye makapi kidogo utaupepeta tena nyumbani, uliobaki shambani hauokotiki. Kwa hiyo tungemwomba opereta akosee upande wa uchafu.

Sikiliza injini pia. Ikinguruma sawasawa, inakula kiasi chake. Sauti ikishuka na moshi mweusi ukitoka kila anapoingia kwenye mpunga mzito, amezidisha. Mkanda unaoteleza hutoa harufu ya mpira kuungua, na mashine iliyojaa vumbi la mabua makavu inaweza kushika moto. Kizima moto kiwe kwenye mashine. Watoto wakae mbali. Mtu yeyote asitie mkono kuondoa mabua yaliyoziba kabla injini haijazimwa na kila kitu kuacha kuzunguka, hata kama opereta anasema ni sekunde moja.

Usianze asubuhi mno. Umande wa bondeni hukauka kuelekea saa 3 au saa 4, na kombaini inayoanza saa 1 hupura vibaya saa zote hizo, huku ikikutoza bei ya mchana.

Ripa na mashine ya kupura

Njia hii haina mvuto wa kombaini lakini kwa mwenye nusu ekari hadi ekari 3, majaruba yasiyopakana, mara nyingi ndiyo tungeichagua. Ripa inabebeka kwenye pikipiki ya matairi matatu, inavuka kingo kwa kusukumwa na watu wawili, na fundi wa kawaida wa pawatila anaijua. Mabua yanabaki mazima kwa ng'ombe, kuezekea au kutandazia bustani.

Udhaifu wake ni kati ya kukata na kupura. Mpunga uliolazwa chini ukinyeshewa au ukikaa siku nyingi huota au hupasuka punje. Kata kiasi ambacho mashine ya kupura itakimaliza siku hiyo au kesho yake. Kila mganda unaonyanyuliwa unamwaga punje, kwa hiyo turubai liletwe kwenye mpunga, mpunga usibebwe mbali kufuata turubai.

Kwenye mashine ya kupura yenye dramu ya meno, ncha za meno ziende mita 12 hadi 16 kwa sekunde. Dramu ya kipenyo cha sentimita 40 inafikia hapo kwa mizunguko 570 hadi 760 kwa dakika. Mafundi wengi hufunga puli ndogo ili mashine ikimbie, na mteja analipia kwa chenga. Nafasi kati ya meno na wavu iwe milimita 25 hivi. Lisha masuke mbele, kwa mkono usiokatika. Ukilisha kwa mafungu dramu inapungua na kuongezeka kasi, na kila inapopungua masuke yanatoka hayajapurwa.

Turubai ndiyo kikomo cha kombaini

Wengi wanaokodi kombaini mara ya kwanza hukwama hapa. Mundu unakupa gunia chache kwa siku, nazo zimeshapata jua kwenye miganda. Kombaini inakupa magunia 20 au 40 ya mpunga wenye unyevu wa asilimia 22 kabla ya saa 8 mchana. Ukiuacha kwenye magunia usiku, unapata joto, unageuka njano na kuvunda. Lazima uanikwe siku hiyohiyo, tabaka la sentimita 2 hadi 4, ugeuzwe kila nusu saa.

Kilo 1,600 za ekari moja zikitandazwa sentimita 3 zinahitaji karibu mita za mraba 93. Turubai la mita 6 kwa 8 lina mita 48, kwa hiyo ekari moja ni maturubai mawili. Ekari nne kwa siku ni manane, na watu wa kugeuza. Kama huna, panga mashine ikukatie ekari moja leo na nyingine keshokutwa, au acha kombaini.

Mpunga uwe mkavu hadi asilimia 14 kabla ya kuhifadhi. Kilo 100 za unyevu wa 22 zitabaki kama 91, kwa hiyo usilinganishe gunia la kombaini na gunia la mundu kwa hesabu ya idadi. Asiye na kipimo atumie chumvi: kausha chumvi vizuri, weka kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mpunga, chupa isijae, tikisa dakika chache na uache kidogo. Chumvi ikigandia kioo, unyevu umezidi 15.

Malipo na safari

Uliza mambo manne kabla ya kukubaliana: bei ni kwa ekari au kwa gunia, mafuta ni ya nani, ekari imepimwa na nani, na gunia ni la ujazo gani. Bei ya kwa gunia inamfanya opereta ajali punje zako, kwani anazohesabu ni zilizoingia ndani. Bei ya kwa ekari inamfanya akimbie. Kwa gunia, sisitiza gunia lisilo na kilemba. Lumbesa (gunia lenye kilemba, yaani lililojazwa kupita mdomo wake) imekatazwa kisheria na gunia halitakiwi kupita kilo 100. Pima ekari kwa futi au simu mkiwa wote wawili.

Mashine nyingi hutoka mbali, ama kwa barabara ya Kibiti na daraja la Mkapa, ama kutoka Mbeya kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Minyororo ya mpira haiendeshwi kwenye lami, kwa hiyo kuna gari la kubebea, na gharama yake inagawanywa. Tuseme ni shilingi 1,500,000: mkiwa na ekari 10 kila ekari inabeba 150,000, mkiwa na ekari 60 inabeba 25,000. Kwa skimu ya umwagiliaji kama Kitere, ambako majaruba yamepakana, kikundi kinaweza kufikia ekari hizo. Kwa mtu mmoja kando ya Mbwemkuru, jaruba moja hapa na jingine kilomita 2 kutoka hapo, hesabu haikubali.

Muulize pia kuhusu vipuri: mikanda, visu na beringi za kichwa cha kukatia. Mwenye mashine aliyekuja navyo ndani ya boksi atakutengenezea papo hapo. Anayeagiza Dar es Salaam mkanda ukikatika atakuacha siku tatu, mpunga ukizidi kukauka.

Hata ukichagua kombaini, mundu hauondoki. Kata kona zote za jaruba mita 2 au 3 kabla mashine haijafika, ili ipate pa kugeukia bila kukanyaga mpunga. Na kipande cha mbegu kikate kwa mundu, katikati ya jaruba, siku moja kabla. Tangi na parafujo za kusukumia nafaka za kombaini huja na punje za shamba lililopita, pamoja na mpunga mwekundu na mbegu za magugu. Mwambie opereta aizungushe tupu dakika kadhaa, afungue milango ya chini na kufagia. Hata hivyo magunia mawili ya kwanza yaweke kando kwa kula, yasiingie kwenye mbegu.